Kubadilisha nywila pekee hakumtoi mdukuzi

Ukigundua akaunti ya barua pepe ya kampuni imeingiliwa, usiishie kubadilisha nywila. Mdukuzi mzoefu akishaingia huweka kanuni ya kusambaza barua kimyakimya: kila ujumbe wenye neno "ankara" au "malipo" unakwenda kwake, kisha unafichwa usiuone. Nywila inabadilika, naye anaendelea kusoma. Siku mteja anapotaka kulipa, anaandikiwa kwa jina lako na kupewa namba nyingine ya akaunti ya benki.

Kwa hiyo fungua mipangilio, futa kanuni usizozitambua, ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha kagua programu zilizopewa ruhusa ya kusoma barua. Hapo kwenye programu wengi hupasahau, na ndipo ninapopahofia zaidi, kwa sababu ruhusa hiyo mara nyingi hubaki hai hata nywila ikiwa mpya. Tazama pia namba ya simu ya kurejesha akaunti, isije ikawa ya mdukuzi.

Msimbo wa kuingilia unaotumwa kwa SMS unasaidia, lakini mfanyakazi anaweza kuuandika kwenye tovuti bandia bila kujua. Ufunguo wa usalama wa FIDO2, yaani kifaa kidogo cha kuthibitisha unapoingia, haukubali anwani ya tovuti isiyo ya kweli, hata kama mwenyewe amedanganyika. Anzeni na wahasibu na wasimamizi wa mfumo. Na ombi lolote la kubadili akaunti ya malipo lithibitishwe kwa kupiga simu, kwa namba mliyokuwa nayo tangu awali, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe huo.