Kuwinda swala shambani kwako Uganda: kibali cha mnyama kwanza, cheti cha bunduki baadaye

Wenye mashamba wilayani Kiruhura, magharibi mwa Uganda, ambako swala pala hula nyasi pamoja na ng'ombe, wengi hukimbilia kuomba bunduki kwanza. Huko ni kuanzia mwisho. Kwa sheria ya Uganda mnyamapori ni wa serikali hata akilala karibu na zizi lako. Hati ya ardhi haikupi ruhusa ya kumpiga.

Anzia Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019, unachoomba ni haki ya matumizi ya daraja A, yaani uwindaji. Eleza kwa maandishi ardhi ni ya nani, mipaka yake iko wapi, na ni wanyama gani wanaoishi humo. Mpango wa majaribio ulioanza 2001 kandokando ya Ziwa Mburo uliendeshwa kwa mgao: wanyama huhesabiwa, ndipo idadi ya kupigwa ikapangwa. Mwenye shamba dogo, ambako swala hupita tu, heri aungane na majirani.

Sasa bunduki. Sharti uwe umetimiza miaka 25. Barua ya maombi huandikiwa Inspekta Jenerali wa Polisi, lakini usiipeleke makao makuu ya polisi, Naguru, moja kwa moja, itarudishwa. Hupitia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, halafu polisi na kamati ya usalama ya wilaya. Ambatanisha nakala ya kitambulisho cha taifa, picha ndogo, na kibali cha UWA, maana hicho ndicho kinachoipa sababu yako uzito. Taja aina ya bunduki na itafungiwa wapi. Rekodi ya jinai na afya ya akili huchunguzwa.

Usilipie bunduki wala risasi kabla ya cheti kutoka. AK-47 usiiombe kabisa, na gobori la kuundwa kijijini halina namba ya kusajili. Kwa swala, raifo ya kukoka kwa mkono yatosha. Marisau, zile chembe ndogo za risasi, kwa mbali humjeruhi tu, akaenda kufia kwa jirani, nje ya eneo la kibali chako.

Cheti huhuishwa kila mwaka, na ni cha aliyetajwa humo: mchungaji wako haruhusiwi kuishika bunduki hiyo, hata kwa siku moja.