Mteja Akitaka Kurudisha Korosho Alizonunua Mtandaoni

Sisi tunaouza korosho zilizobanguliwa kutoka Mtwara huuza kwa watu tusiowaona, walioko Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, ambao hawapati nafasi ya kuonja hata punje moja kabla ya kulipa. Kwa hiyo mteja anapoandika kwamba anataka kurudisha mzigo, mjibu siku hiyohiyo, umwombe namba ya oda, picha za mfuko na za korosho zenyewe, pamoja na maelezo mafupi ya kasoro aliyoiona. Usianze kujitetea kabla hujaona picha. Ikiwa alinunua kupitia soko la mtandaoni, mazungumzo yote yabaki humo ndani, kwa sababu mkishindwa kuelewana wasimamizi wa soko wataamua kwa kile wanachokiona wao, si kwa yale mliyoongea kwenye simu.

Picha zikifika, tafuta kwanza kosa limetokea wapi: kwako, njiani, au mteja amebadili nia tu. Hapa ndipo wauzaji wengi tunapokwama, hasa kwenye madaraja. Daraja la W240 maana yake ni punje nzima 220 hadi 240 katika ratili moja, yaani takribani gramu 454, na W320 ni punje 300 hadi 320, ambazo ni ndogo zaidi na bei yake ni ya chini. Mteja mmoja wa Dodoma aliwahi kunilalamikia kwamba alilipia W240 akapelekewa W320, nami nikambishia siku mbili nzima, kwa kuwa niliamini kazi yangu. Hatimaye alipima gramu 100 kwenye mizani ya jikoni, akazipanga punje kumikumi juu ya sinia na kunitumia picha: zilikuwa 68. Korosho za W240 zingekuwa kati ya 49 na 53. Tulikuwa tumechanganya ndoo mbili wakati wa kufungasha, na zile siku mbili za ubishi zilimuumiza mteja kuliko kosa lenyewe.

Tangu hapo, kila oda naihesabu kwa gramu 100 kabla ya kufunga mfuko, kisha napiga picha tatu: punje zikiwa kwenye sinia, mfuko ukiwa juu ya mizani, na boksi lililofungwa likiwa na jina la mpokeaji. Risiti ya mzigo ninayopewa stendi naipiga picha pia na kumtumia mteja. Mzigo wa basi husafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, na mara nyingine hushushwa na kupakiwa upya. Boksi likifika limelowa au limepasuka, picha hizo ndizo zitakazokuwezesha kumdai msafirishaji bila kumwacha mteja akisubiri. Mlipe mteja kwanza, ndipo ufuatilie msafirishaji, kwa maana mkataba wa usafirishaji ni wako wewe na si wa mteja.

Malalamiko ya korosho zilizolegea yanahitaji uangalifu zaidi. Korosho hunyonya unyevu upesi, na mfuko uliozibwa vibaya huziharibu hata kama zilitoka kwako zikiwa kavu. Mwombe mteja picha ya mahali mfuko ulipozibwa: ukiona mshono umeachia, kosa ni lako. Lakini ikiwa mfuko ulifunguliwa wiki mbili zilizopita na kuachwa wazi, mweleze kwa upole namna ya kuzihifadhi, na usiahidi fedha.

Chakula kilichokwisha kufunguliwa hakiuzwi tena. Kwa nusu kilo au kilo moja yenye kosa lako, mimi simtaki mteja agharimie kuirudisha. Namrudishia fedha na korosho zibaki kwake. Kwa mzigo wa kilo 20 wenye mifuko ambayo haijafunguliwa, inafaa urudi, na nauli ailipe mwenye kosa.

Fedha zirudishwe kwenye namba ileile iliyolipia, na jina linalotokea kwenye simu lisomwe kabla ya kuthibitisha. Mtu akitaka zitumwe kwenye namba nyingine, simama kwanza uhakikishe. Kosa likiwa lako, makato ya kutuma yabebe wewe, ili mteja apate kiasi kamili alicholipa.

Masharti haya yote yaandikwe kwenye tangazo la bidhaa, pamoja na siku za mwisho za kulalamika, mteja ayasome kabla ya kulipa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe na kumpa mnunuzi maelezo ya bidhaa na bei yake.

Ombi likimalizika, andika kwenye daftari tarehe, namba ya oda, sababu na jina la aliyefungasha. Ukikuta mshono ulioachia umeandikwa mara tatu katika mwezi mmoja, kagua mashine ya kuzibia kabla hujafungasha oda inayofuata.