Namna ya Kuchagua Vitabu vya Kukufundisha Kompyuta na Athari Zake

Kabla hujaanza kupekua rafu za vitabu, chukua kipande cha karatasi uandike swali moja unalotaka kitabu kikujibu. "Nataka kuijua kompyuta" si swali, kwa kuwa hakuna kitabu kinachoweza kulijibu. Maswali yanayojibika ni kama haya: mashine hii inawezaje kukokotoa kwa umeme mtupu, programu huandikwaje, ni akina nani walioijenga, na kwa nini waliijenga hivyo, na inapoingia hospitalini, mahakamani au kazini, ni nani anayenufaika na nani anayeumia. Kila moja kati ya maswali hayo lina vitabu vyake, na kitabu kinachodai kuyajibu yote kwa mpigo mara nyingi huwa ni kile kinene, kilichojaa picha za kipanya na kibodi, ambacho humchosha msomaji kabla ya sura ya tatu. Wengi waliokata tamaa hawakushindwa na somo lenyewe, bali walianza na kitabu kizuri cha swali ambalo hawakuwa nalo.

Ukishalijua swali lako, achana kwanza na jalada na sifa zilizoandikwa nyuma yake, ufungue ukurasa wenye maandishi madogo ya mchapishaji. Hapo tenganisha toleo na chapa. Toleo jipya maana yake ni kwamba mwandishi ameyarudia maandishi yake akayarekebisha. Chapa mpya maana yake ni kwamba nakala zilikwisha na mchapishaji akapiga chapa maneno yaleyale. Kitabu kinaweza kuonyesha chapa ya mwaka jana ilhali yaliyomo yana umri wa miaka kumi na mitano.

Uzee, hata hivyo, si kasoro kwa kila kitabu. Hesabu ya kimantiki, yaani ya kweli na si kweli, aliyoieleza mwanahisabati George Boole mwaka 1854, na ambayo mhandisi Claude Shannon alionyesha mwaka 1937 kwamba inaweza kutendwa na swichi za umeme, ndiyo inayoendesha kompyuta hadi leo. Kitabu kinachoifafanua vizuri hakichakai. Mfano ni kitabu cha Charles Petzold kiitwacho Code, kilichotoka mwaka 1999. Kinaanza na marafiki wawili wanaopelekeana ujumbe usiku kwa kuwasha na kuzima tochi, kisha kinapanda hatua kwa hatua hadi kwenye kompyuta kamili. Toleo la pili la mwaka 2022 liliongeza sura, lakini njia ya kupandia ilibaki ileile. Kwa mtu mwenye swali la kwanza kati ya yale niliyoyataja, sijaona mlango ulio rahisi zaidi.

Kinachooza upesi ni maelekezo ya zana. Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, ilipata toleo lake la 3 mnamo Desemba 2008, nalo halikuelewana kikamilifu na toleo la 2, ambalo huduma yake ilikoma rasmi tarehe 1 Januari 2020. Mwanafunzi anayefuata kitabu cha toleo la 2 atanakili mstari wa kwanza kabisa, ule wa kuchapisha salamu kwenye skrini, na mashine itaukataa kwa sababu tu hauna mabano. Nilipata kupoteza jioni nzima kwa namna hiyo, nikiamini kwamba kosa lilikuwa langu. Kwa kitabu cha kuandika programu, basi, hakikisha kwamba toleo la lugha linalotajwa katika utangulizi ndilo lililopo kwenye kompyuta yako, na ulifanye zoezi la kwanza kabla hujakilipia.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha ukurasa mmoja. Chagua jambo moja gumu kidogo, ulitafute katika faharasa, usome maelezo yake yote. Mimi hutumia namba za desimali. Ukiiambia kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2, katika lugha nyingi za programu haikujibu 0.3 bali 0.30000000000000004. Kitabu dhaifu kitapita hapo kikisema kwamba kompyuta "hukosea kidogo" katika sehemu ndogondogo, na msomaji atabaki na ushirikina badala ya maarifa. Kitabu kizuri kitakukumbusha kwamba hata sisi hatuwezi kuimaliza theluthi moja tunapoiandika kwa desimali, kwani 0.333 huendelea bila kikomo. Kisha kitaonyesha kwamba katika hesabu ya vizio viwili, ambayo ina 0 na 1 tu, sehemu ya kumi nayo haimaliziki, kwa hiyo mashine huikata mahali fulani, na mabaki ya mkato huo ndiyo unayoyaona mwishoni mwa jibu. Mwandishi aliyekupitisha hapo bila kukuficha sababu wala kukutupia kanuni usizozijua anaweza kuaminiwa katika kurasa nyingine mia tatu.

Angalia pia kama kitabu kina mazoezi, na kama mwandishi hutangaza masahihisho yake. Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth, ambaye juzuu ya kwanza ya kazi yake kubwa kuhusu algoridhimu (hatua za kutatua tatizo) ilitoka mwaka 1968, alijijengea desturi ya kumlipa dola 2.56 msomaji wa kwanza kuona kosa, kwa kuwa senti 256 ni sawa na "dola moja" katika hesabu ya vizio kumi na sita, ambamo 256 huandikwa 100. (Vitabu vyake si vya kuanzia, ninamtaja kwa ajili ya tabia hiyo tu.)

Vitabu vya athari vinataka ukali zaidi, kwa sababu ni rahisi kuvisoma na ni rahisi pia kudanganywa navyo. Sentensi yenye hasira husisimua, nayo sentensi yenye matumaini hufariji, lakini zote mbili zinaweza kukuacha hujui kilichotokea. Chukua kisa cha Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, ambayo kati ya mwaka 1985 na 1987 iliwapiga wagonjwa sita mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafariki. Kitabu cha juujuu kitakwambia kwamba kosa la programu liliua watu, kisha kitahamia kwenye kisa kingine. Kitabu chenye uzito kitakueleza kwamba mashine iliyoitangulia ilikuwa na vizuizi vya vifaa halisi vilivyozuia mionzi hatari hata programu ikikosea. Kwamba katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa na kazi yote ikaachiwa programu. Kwamba opereta aliyezoea kazi, akirekebisha herufi moja kwa haraka ndani ya sekunde nane hivi, aliweza kuiacha mashine katika hali isiyotarajiwa. Kwamba skrini ilimwonyesha maneno "Malfunction 54" (hitilafu ya 54) ambayo hayakumfafanulia chochote. Na kwamba taarifa za wagonjwa waliolalamika kuungua hazikuaminiwa mapema. Katika maelezo hayo ya pili unamwona aliyeamua, unaiona mashine, unamwona aliyeumia, na unaona mahali ambapo mambo yangeweza kwenda vingine. Kitabu cha athari kisichokupa hayo walau katika kisa kimoja ni mkusanyiko wa maoni.

Tazama vilevile mwandishi amesimama wapi. Aliyeijenga mashine kisha akaitilia shaka ana jambo ambalo mtazamaji wa mbali hana. Joseph Weizenbaum wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, aliitangaza mwaka 1966 programu yake iitwayo ELIZA, iliyojibu maneno ya mtu kwa kuyageuza kuwa maswali, kama mtaalamu wa saikolojia anayesikiliza. Alishtuka alipoona watu wakiifungulia mioyo. Karani wake, aliyejua kabisa kwamba ile ilikuwa programu tu, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani. Mshtuko huo ndio uliomsukuma kuandika, mwaka 1976, kitabu cha kuonya juu ya kuikabidhi kompyuta maamuzi ya kibinadamu, na leo, katika enzi ya akili mnemba inayozungumza, kinasomeka kama kilichoandikwa juzi. Kinyume chake, ukikuta katika shukrani kwamba kampuni inayosifiwa ndiyo iliyogharimia utafiti, usikitupe kitabu, ila kisome ukijua nani anayekaribisha wageni.

Kipimo changu kingine ni kuhesabu vitenzi vya wakati ujao, yaani utabiri wa mwandishi. Clifford Stoll, mwanaastronomia wa Marekani aliyekuwa akisimamia kompyuta, aliandika mwaka 1989 jinsi upungufu wa senti 75 katika hesabu za maabara moja ya California ulivyomfikisha kwa mdukuzi wa Ujerumani aliyekuwa akiwauzia habari majasusi wa Kisovieti. Bado ni miongoni mwa vitabu bora vya usalama wa mitandao, ingawa kompyuta zinazotajwa humo zimekwisha sahaulika. Mwaka 1995 mwandishi huyohuyo alitoa kitabu kingine kilichobeza matumaini ya intaneti, biashara ya mtandaoni ikiwemo, na hapo wakati ulimwumbua. Alipoeleza alichokiona na kukitenda, maneno yake yalidumu, alipotabiri, hayakudumu. Kitabu cha akili mnemba chenye "itafuta kazi zote" au "itaponya kila maradhi" katika kila ukurasa kipime kwa mizani hiyohiyo.

Kama kitabu ulichokipata kimeandikwa kwa lugha usiyoizoea, tenga daftari la istilahi, lakini usisimame kwa kila neno. Andika yale tu yanayojirudia zaidi ya mara tatu.

Azima kwanza, kisha ununue. Soma kurasa thelathini, funga kitabu, uichukue ile karatasi yenye swali, na ujaribu kumweleza mtu mwingine jibu ulilolipata mpaka hapo, kwa maneno yako na bila kuchungulia. Ukikwama, rudia sura iliyokukwamisha mara moja tu. Ukikwama tena mahali palepale, kirudishe kitabu hicho, ubaki na swali lilelile, na uchukue kingine kinacholijibu kwa njia tofauti.