Kuondoa maonyo bandia ya virusi kwenye kompyuta ya zamani ya mzee

Kompyuta nyingi ninazoletewa hapa Mtwara ni za wazee, na ya karibuni ni ya mjomba wangu wa Newala, ambaye huitumia kutunza hesabu za chama cha msingi cha korosho. Malalamiko hufanana: kila baada ya muda mfupi hujitokeza onyo jekundu kwamba kompyuta imeambukizwa na kwamba ipigwe namba fulani. Mara nyingi hakuna kirusi chochote, ila ipo tovuti iliyopewa ruhusa ya kutuma arifa, na ruhusa hiyo huondolewa bila malipo.

Hatua ya 1: Funga onyo

Onyo likiziba skrini nzima, shikilia kitufe cha Esc, kisha bonyeza Alt na F4. Likigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uchague kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome au Edge) kwenye Task Manager, yaani orodha ya programu zinazofanya kazi, na ukifunge. Kikifunguliwa upya na kuuliza kama kirejeshe kurasa za awali, kataa. Namba iliyoandikwa isipigwe kabisa, kwa kuwa maonyo halisi ya Microsoft hayaweki namba ya simu.

Hatua ya 2: Ondoa ruhusa ya arifa

Hapa ndipo wengi hupoteza mchana mzima wakisaka virusi visivyokuwepo, kwa sababu arifa hizo hutokea kwenye kona ya chini ya skrini, mahali pale pale Windows yenyewe inapotolea taarifa zake, na huweza kuendelea hata dirisha la kivinjari likiwa limefungwa. Soma maandishi madogo ya arifa: ukiona jina la Chrome na anwani ya tovuti usiyoijua, umeshampata mhusika. Mara nyingi ni tovuti ya kutazama mpira bure, iliyomwambia mzee abofye Allow ili athibitishe kuwa yeye si roboti.

Andika chrome://settings/content/notifications kwenye sehemu ya anwani, ushuke hadi kwenye orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Bofya nukta tatu kando ya kila tovuti ya kutilia shaka, uchague Block. Binafsi siipendi Remove, kwani tovuti iliyoondolewa tu inaweza kuomba ruhusa tena, na mzee ataitoa tena. Kisha, juu ya ukurasa huo huo, zuia tovuti zote zisiombe ruhusa. Kumbuka kwamba Edge ina orodha yake, kwa anwani edge://settings/content/notifications, na kwamba kama wajukuu wamefungua wasifu wao (profile) ndani ya Chrome, kila wasifu nao una orodha yake. Mwisho, ingia chrome://settings/system na uzime ruhusa ya programu kuendelea kufanya kazi baada ya Chrome kufungwa.

Hatua ya 3: Viendelezi na programu

Ondoa kiendelezi chochote (programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari) ambacho mwenye kompyuta hawezi kueleza kazi yake, pamoja na kila programu inayojiita ya kusafisha au kuongeza kasi. Sijapata kuona hata moja iliyostahili bando lake.

Hatua ya 4: Kagua

Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows 10 na 11, inatosha. Isasishe kwanza, kisha uendeshe ukaguzi kamili.

Hatua ya 5: Umri wa mfumo

Windows 7 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Chrome kwenye Windows 7 imekomea toleo la 109. Kompyuta ya namna hiyo naiachia hesabu na barua tu, na mambo ya benki nayahamishia kwenye simu.

Iwapo mzee alikwisha kupiga namba ile

Kata intaneti kabla ya jambo lingine lolote. Ondoa programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali aliyoelekezwa kuiweka, badilisha nywila zake kwa kutumia kifaa kingine, na mpeleke benki siku hiyo hiyo, hata kama anasisitiza kwamba hakutaja namba yake ya siri.