Kumtambua kisamaki mwenye milia kwenye vijito vya Mwanza

Mwanza na sehemu za jirani za pwani ya Ziwa Victoria, kisamaki mwenye milia huitwa furu na mjadala huishia hapo. Sokoni jina hilo linatosha. Kijitoni halitoshi, kwa sababu wavu mmoja unaweza kutoa furu, vitoto vya sato na visamaki wa jenasi ya Enteromius, ambao vitabu vya zamani viliwaita Barbus, na wote wakawa na milia. Milia ndiyo inayovuta jicho, na ndiyo inayodanganya kuliko alama nyingine zote. Anza na mapezi, mdomo na magamba. Milia iachie zamu ya mwisho.

Pita kwanza kwa afisa uvuvi na uongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) wa eneo hilo, ueleze unachofanya. Nenda asubuhi na mapema, siku ambayo mvua haijanyesha juu ya mto, ili maji yasiwe tope. Saa hizo zina faida nyingine: vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono kwa wingi zaidi jua linapopanda kuelekea mchana. Hata hivyo vaa mabuti marefu ya mpira. Midomo ya mito yenye mafunjo na matete, kama ule wa Simiyu, usiingie hovyo. Kuna mamba na viboko. Vijito vya milimani vikikauka, tafuta madimbwi yaliyobaki kwenye miamba, maana samaki hujikusanya humo.

Vifaa ni vichache: wavu wa mkono wenye mpini, ndoo, rula, lenzi ya kukuzia mara kumi, na kopo la plastiki angavu lenye pande bapa. Usitumie chupa ya duara, kwa kuwa inamnenepesha samaki na kukuharibia kipimo cha umbo. Chandarua kiache nyumbani. Kinazoa hadi vifaranga, na kuvulia chandarua ni kosa.

Mweke samaki mmoja kwenye kopo lenye maji ya kijito hichohicho, kivulini. Tazama pezi la mgongo. Likiwa refu, limeanzia karibu na kichwa, nusu ya mbele ina miba migumu na nusu ya nyuma ni laini, huyo ni wa ukoo wa furu na sato. Hakikisha kwa mambo mawili: ana tundu moja tu la pua kila upande, na mstari wa vitundu kwenye magamba ya ubavuni umekatika vipande viwili, kimoja juu, kingine chini kuelekea mkiani. Pezi likiwa fupi, liko katikati ya mgongo, na pembeni mwa mdomo kuna sharubu ndogo, kwa kawaida jozi mbili, una Enteromius mkononi.

Kwenye ukoo wa furu ndiko wengi wanakopotea. Mtoto wa sato au wa jamaa yake Coptodon zillii ana milia inayoshuka kutoka mgongoni hadi tumboni, sawa na furu wengi. Kinachomtenga ni doa jeusi lililo kwenye kitako cha sehemu laini ya pezi la mgongo. Sato akikua doa hilo hupotea na pezi la mkia hubaki na mistari myembamba ya wima. Zillii hubaki nalo hata akiwa mzima, na kifua chake huwa chekundu. Furu hana doa hilo. Dume la walio wengi lina madoa ya rangi ya chungwa kwenye pezi la chini karibu na mkia, mfano wa mayai. Ukipitisha lenzi ubavuni, magamba ya furu yana vijino ukingoni. Ya sato ni laini.

Ukishajua ni furu, hesabu miba ya pezi hilo la chini. Wengi wana mitatu. Ikizidi mitatu, fikiria Astatoreochromis alluaudi, mvunja konokono. Kama dume hana madoa ya mayai bali ncha ya pezi hilo ina rangi nyekundu au ya chungwa, na mkia ni wa duara, huyo ni Pseudocrenilabrus multicolor, mkaazi wa vinamasi vya mafunjo na vijito vinavyokwenda taratibu. Usikimbilie kuandika Pundamilia nyererei kwa sababu tu umeona milia ya wima na wekundu. Huyo ni wa miamba ya visiwa vya kusini mwa ziwa, kama Makobe, na jike lake hata wataalamu hulichanganya na jike la Pundamilia pundamilia.

Kwa Enteromius, mstari ukitoka kichwani hadi mkiani, mweusi na mwembamba, na juu ya jicho kuna wekundu, angalia Enteromius radiatus. Doa la chungwa kwenye kifuniko cha matamvua ni la kerstenii. Mwiba wa mgongo wenye meno nyuma kama msumeno, ubavu wa fedha tu, ni paludinosus. Kadogo kasiko na mstari wa vitundu ubavuni, au kenye vichache tu mbele, ni apleurogramma.

Ukiona kipezi kidogo cha nyama kati ya pezi la mgongo na mkia, umetoka kwenye makundi hayo. Huenda ni Brycinus. Mdomo unaotazama juu na pezi la mgongo lililorudi nyuma kabisa ni wa visamaki wa madimbwi waitwao killifish.

Sasa milia. Samaki akitishwa, milia yake hukolea au hufifia ndani ya dakika chache, na baadhi ya furu hubadilisha ya wima kuwa ya kulala. Mpe dakika tano za utulivu kabla ya kuandika. Maji ya tope hufubaza rangi za madume. Aliyekufa haaminiki: nyekundu na njano hutoweka kwanza, nyeusi hubaki, hivyo ataonekana na milia ambayo akiwa hai hakuwa nayo.

Piga picha ya ubavu wa kushoto, rula ikiwa ndani ya fremu, na nyingine ya pezi la mgongo likiwa limesimama. Andika jina la kijito, kina, aina ya sakafu na saa, kisha mrudishe palepale ulipomtoa. Kumhamishia kijito kingine ni kupeleka magonjwa na uzao mgeni. Alama zikigongana, andika "Enteromius, aina haijajulikana" au "furu, jike", na uambatishe picha.