Nguo za mtumba na nguo za wazee: namna ya kuzivaa mpaka zikawa zako

Kuna mtu kabati limejaa mpaka mlango haufungi na akialikwa harusi anasema hana nguo, na kuna mwengine ana mashati yake machache ya mtumba na koti la marehemu babu yake akipita Michenzani hapa Unguja watu wanageuka. Huyu wa pili kila nguo yake anajua kwa nini anayo. Basi hapo ndo pa kuanzia.

Kabla hujenda sokoni, Saateni wala Darajani, toa nguo zako zote uzimwage kitandani. Zile unazozivaa mpaka zinapauka weka upande mmoja uziangalie vizuri, rangi gani zinajirudia, kitambaa kizito au chepesi, kola ipi, mikono mirefu au mifupi. Staili yako iko hapo, usiende kuitafuta kwenye simu kwa watu wa nchi za baridi. Halafu kuna zile huzivai na kuzitoa huwezi, kila ukitaka kuzigawa mkono unakuwa mzito. Hizo usizirudishe kabatini bado, tunazo kazi.

Jiulize kwenye hizo unachokipenda ni nini hasa. Kama ni kitambaa au rangi, mambo mepesi, fundi yupo, gauni la zamani linakuwa blauzi na maisha yanaendelea. Kama ni mtu aliyekuwa akiivaa, usikimbilie mkasi. Kisutu, ile kanga ya harusi, alichoolewa nacho bibi si cha kushonea mkoba hata kama umeona mtu kafanya na kapata layki nyingi. Jifunge, jitande, vaa siku za shughuli, kanga imetengenezwa ivaliwe. Ikiwa doti lipo kamili nyie dada wawili chukueni upande mmoja mmoja, na ukitaka lazima kushona basi shona ile iliyokwisha chanika, ukate kwenye mji, pale katikati, uache pindo na jina, yale maandishi yake, vikae, maana bila ya jina kinabaki kitambaa tu cha maua.

Na hapa kuna jambo watu wanalipita kimya kimya. Nguo za marehemu ni mali ya warithi, kama nyumba na kama shamba la mikarafuu. Usije ukaingia chumbani siku ya tatu ukabeba kanga za mama ati kwa sababu wewe ndo ulikuwa unamuuguza, subiri warithi wakae, sema unaitaka ipi na kwa nini, wakiridhia chukua kwa moyo mweupe. Mara nyingi wanaridhia wallahi, wengi wanataka zitolewe sadaka tu zimalizike. Bora zaidi muombe mwenyewe yuhai, mwambie bibi lile doti lako la buluu nalipenda, utashangaa atakavyokaa akuhadithie kalipata wapi na nani alimnunulia, na hadithi hiyo hutoipata dukani.

Kama unachokitaka ni ile harufu yake, nguo moja usiifue. Hakikisha ni kavu kabisa, ikunje uitie kwenye chombo cha mfuniko unaobana, usiwe unafungua kila siku, maana harufu inakwenda na hewa. Nyengine zote fua uvae.

Haya, mtumba. Mjue muuzaji mmoja au wawili na umuulize siku gani anafungua belo, ukenda siku hiyo asubuhi unapointi mwenyewe, ukenda jioni unakuta wajanja washapita. Bei mtajuana. Nguo inyanyue kwenye mwanga uangalie makwapa, kola kwa ndani, na pale katikati ya miguu kwenye suruali, kitambaa kikishakuwa chepesi pale hakina dawa. Vuta lastiki, joto linazila. Pandisha zipu ushushe. Raba za zamani na viatu vya soli ya sponji vibonyeze kwa kidole, zile soli za poliyurethani zinaoza kwa unyevu hata kama hazijavaliwa, unaweza ukavaa Forodhani ukarudi nyumbani soli imebaki njiani.

Ukitaka kujua ni pamba au la, chomoa uzi kwenye upindo uuchome. Pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na inaacha jivu, poliesta inayeyuka inakuwa kijipunje kigumu. Kwa joto letu la kaskazi mie poliesta napita, labda iwe nzuri sana.

Umri wa nguo uko kwenye lebo. Ikiandikwa West Germany ujue ni ya kabla ya 1990, maana baada ya hapo nchi iliungana. Jinsi za Levi's, kile kitambaa chekundu cha mfukoni kikiwa na E kubwa (LEVI'S, si LeVI'S) mara nyingi ni za kabla ya 1971, ila kampuni yenyewe imezitoa tena za mtindo huo kwa hiyo usiruke kwa furaha mbele ya muuzaji, na hata kama ni kweli nyamaza tu ulipe.

Kuvaa sasa. Koti la mtumba juu ya kanzu ndo vazi letu siku zote, na makoti ya sufu yanaletwa mengi na watu huku hawayataki, kwa hiyo unapata kitu kizuri kwa bei ya kuchekesha. Angalia mabega tu. Mikono inapunguzwa, kiuno kinabanwa, lakini mabega yakishakuwa makubwa muachie mwenye mabega yake. Juu yake kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono na wewe ushamaliza. Suruali ya bugaluu, ile ya zamani pana miguuni, akikupa baba yako vaa na shati la kawaida, usivae na kila kitu cha enzi hizo utaonekana unakwenda kuigiza.

Adui mkubwa huku kwetu ni masika. Ukungu unaingia kwenye nguo zilizokunjwa bila ya kukauka, kwa hiyo kabla ya mvua za Machi zitoe zote upeperushe, kanga na za rangi zianike kivulini au ugeuze ndani nje. Doa la kutu paka ndimu na chumvi uweke juani kidogo kisha suuza, jaribu pembeni kwanza lisije likatoa rangi. Karafuu kavu ndani ya kijifuko cha kitambaa zinafukuza wadudu, usizimwage juu ya nguo zina mafuta zitaacha alama. Udi fukiza, ila naylon iweke mbali na chetezo.

Na fundi mpelekee mapema. Ukimpelekea koti la babu katikati ya Ramadhani, wakati kashapokea magauni ya mtaa mzima, atakwambia njoo kesho mpaka Mfungo Tatu.