Namna ya Kumhudumia Mchezaji Anayesusa

Nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya barabara zile za namba, ina michezo ya aina mbili chini ya paa moja. Nje barazani ni baba mkwe wangu na wazee wenziwe na bao la kete. Ndani, kwenye chumba kilichokuwa duka la vitenge, ni mimi na televisheni mbili, mashine za gemu, na watoto wa mtaa wenye shilingi 500 zao mkononi. Wananiita Mama Gemu. Watu hudhani kazi yangu ni kukusanya hela. Kazi yangu ni kuamua ugomvi wa waliofungwa.

Nawaandikia wenye kibanda, wenye baraza, na wenye familia inayocheza karata siku za mvua. Niseme mapema ninavyoamini, maana kila ninachoelekeza huku chini kinatokana na hapo: mtu hakasirikii kufungwa, anakasirikia kuonekana akifungwa. Akifungwa peke yake na simu yake, atatukana, atazima, atalala. Akifungwa mbele ya watu saba, mmoja wao shemeji yake, hapo ndipo pedi ya kuchezea gemu inaporuka.

Wanaosusa hawafanani. Yupo anayenyamaza, akavaa ndala zake, akaondoka kama mtu aliyeitwa. Yupo wa kuvuruga kete kwa kiganja. Yupo wa kuchomoa waya ukutani. Na yupo mbaya kuliko wote, yule anayebaki kitini lakini hachezi: anaacha goli wazi, anasukuma kete bila kuhesabu, ili ushindi wako usiwe na ladha. Huyo wa mwisho hakuna kanuni inayomshika. Mmalizeni upesi, aingie mwingine.

Anza na kanuni, na zisemwe kabla mtu hajakaa. Kanuni inayotajwa katikati ya mchezo ni silaha, hata kama ni ya haki. Kwenye tamthilia ya Marekani iitwayo Seinfeld, mwaka 1992, kuna kijana anayeishi ndani ya puto la plastiki kwa sababu ya maradhi, anacheza mchezo wa maswali na George, mmoja wa wahusika wakuu. Anaulizwa ni nani walioivamia Hispania karne ya 8. Anajibu Wamoor, na ndivyo. Lakini kadi imechapwa vibaya, imeandikwa "Moops", na George, kwa kuwa anaona anakaribia kufungwa, anashikilia kilichoandikwa kwenye kadi. Kijana anamkaba koo akiwa humo humo ndani ya puto lake, na puto linapasuka. Watu hucheka. Mimi nilipoiona niliuliza swali la mwenye kibanda: kadi ikiwa na kosa, nani mwamuzi? Hawakuwa naye. Nyumba yenye mchezo lazima iwe na mtu mmoja ambaye neno lake ndilo mwisho, na mtu huyo asiwe mchezaji wa siku hiyo.

Kanuni zangu nimeziandika kwa chaki ukutani, juu ya televisheni, mahali ambapo jicho haliwezi kusema halikuona. Umeme ukikatika kabla ya dakika ya 70, mechi inarudiwa bure; ukikatika baada ya hapo, matokeo yaliyopo ndiyo matokeo. Kabla sijaiandika hiyo, aliyekuwa nyuma kwa mabao matatu alikuwa akiomba umeme ukatike, na kwa sauti. Anayezima mashine amefungwa. Anayetupa pedi amefungwa, na pedi ni yake, aje na hela ya nyingine. Nje kwa wazee kanuni ni moja tu: ukivuruga kete umefungwa. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na zikishavurugwa hakuna binadamu wa kukumbuka kila shimo lilikuwa na ngapi, kwa hiyo mvurugaji anafuta ushahidi. Kwenye drafti angalau watazamaji hukumbuka vizibo vilikaa wapi, wakavirudisha, ingawa kurudisha huko nako huzaa kesi ya pili.

Soketi ya umeme nayo iweke nyuma ya kabati. Ushauri mdogo huo, lakini hasira ya kuchomoa waya haina subira ya kusukuma kabati.

Baada ya kanuni, panga watazamaji. Hapa ndipo wengi hukosea, wanahangaika na mchezaji wakati moto unatoka nyuma yake. Vibanda vingi vina utaratibu wa mshindi kubaki na aliyefungwa kumpisha mwingine. Unaleta hela, sikatai, lakini unamfanya aliyefungwa ainuke mbele ya kundi na kupita katikati ya vicheko mpaka mlangoni. Mimi nimeufuta. Hapa wote wawili wanainuka baada ya mechi mbili, mshindi na mshindwa pamoja, na wanaosubiri wanakaa kwenye benchi la ukutani, si nyuma ya viti. Ubishi ulipungua bila mimi kuhubiri chochote.

Utani siuzuii, nitauzuiaje Tanga? Siku Coastal Union na African Sports wanapokutana Mkwakwani, hata baba mkwe hula chakula cha mchana na mtu anayemzomea. Ila utani uwe wa mchezo, usiwe wa mtu. "Beki yako imelala" unapita. Mama, dada, mke, kipato, hizo haziingii. Wenye shaka watazame The Sopranos, sehemu moja ya mwaka 2007 ambapo watu wazima wanne, ndugu na mashemeji, wamekaa nyumbani kando ya ziwa wakicheza Monopoly na kunywa. Mwanzo wanabishana juu ya kanuni, hela za kwenye kituo cha maegesho ziende kwa nani, kwa sababu hawakukubaliana kabla. Kisha Tony, bosi wa majambazi, anaanza kumtania dada yake kwa mambo ya aibu, mume wa dada yupo pale pale. Shemeji anasema acha. Haachi. Shemeji anampiga ngumi, wanabiringishana sakafuni, na Tony anapigwa. Wanayoyasahau wengi ni yaliyofuata: kesho yake Tony hapigani tena. Anamtuma shemeji yake akaue mtu, kazi ambayo yule bwana hakuwahi kuifanya maisha yake yote. Aliyefungwa mbele ya mkewe alilipiza kwa njia isiyofanana na mchezo hata kidogo. Kwa hiyo mkiona mtu ametulia ghafla baada ya kuaibishwa, msiseme yameisha. Mwiteni, mpeni kahawa, chekeni naye kwa jambo jingine kabla hajatoka.

Dalili za hasira utazijua ukizoea. Ndani, mtoto huanza kuilaumu pedi: inakwama, kitufe hakirudi. Msibishane naye. Wakati wa mapumziko wabadilishane pedi, yule mshindani achukue hiyo inayokwama. Kama pedi ni mbovu kweli utajua ndani ya dakika mbili. Kama si mbovu naye atajua, na hakuna aliyemwita mwongo. Nje barazani dalili ni nyingine. Mzee huanza kuhesabu kete za shimo moja mara ya pili na ya tatu, halafu ananyamaza, halafu anamwita mwuza kahawa ambaye hata hajafika. Hapo baba mkwe hujifanya ana haja ya kwenda msalani. Akirudi, mwenzake ameshapumua.

Sasa jambo kubwa, nalo ndilo wanaoandika kanuni hulisahau: wapeni watu mlango wa kutokea. Wachezaji wa sataranji wamelitatua hili zamani. Mchezaji mzuri akiona hali imekwisha halazimiki kungoja mfalme wake akamatwe. Anakiri, anampa mwenzake mkono, na hakuna anayemwita mwoga. Kwetu anayeinuka kabla ya mwisho anaitwa msusaji, awe ameinuka kwa adabu au kwa teke. Basi kwa nini asipige teke? Kwangu anayesema "nimekubali" kwa mdomo wake, akampa mwenzake mkono, anapewa zamu ya mapema jioni hiyo hiyo. Anayeondoka bila kusema anaanza mwisho wa foleni. Watoto wamejifunza upesi ajabu.

Na hata asiyeondoka si lazima awe ndiye mwema. Katika Mahabharata, utenzi mrefu wa Wahindi, Yudhishthira anaendelea kurusha dadu dhidi ya mtu anayemwibia, kwa kuwa kukataa mwaliko kungemshushia heshima. Anapoteza mali, ufalme, ndugu zake, nafsi yake, kisha anamweka rehani Draupadi, mkewe. Laiti angesusa mapema! Ndiyo maana kwangu hakuna kuchezea hela, hata ya soda. Mtu anayedaiwa hawezi kuinuka, na asiyeweza kuinuka ndiye atakayepindua meza.

Ikishalipuka, fanya machache. Kitu cha kwanza, ondoa ubao. Sisemi utani. Bao la baba mkwe ni la mti mgumu, zito, na hadithi za kale zinajua linaweza kufanya nini: katika masimulizi ya zamani ya Ufaransa, Renaud anacheza sataranji na mpwa wa mfalme Charlemagne, wanagombana, anapigwa, anauinua ubao wenyewe na kumuua nao, na kutoka hapo ni vita vya miaka na mfalme. Wagiriki nao wanasimulia kwamba Patroklo, akiwa mtoto bado, alimuua mwenzake kwa hasira ya mchezo wa vifupa, ndiyo maana akakimbizwa nyumbani kwa baba yake shujaa Akile na kulelewa huko. Yaani urafiki wake wote mkubwa na Akile ulianzia kwenye mtoto aliyeshindwa kufungwa.

Baada ya ubao, okoteni kete kimya. Usimkimbilie anayeondoka, ukimfuata barabarani unampa jukwaa la pili. Na tafadhali, usimtupie ile methali, "asiyekubali kushindwa si mshindani". Ni kweli tupu, imechorwa mpaka kwenye madaladala, lakini kwa mtu aliyefungwa dakika hiyo ni goli la ziada. Wazee wangu wana utani mwororo zaidi. Akishafika kona, mmoja husema ule msemo wetu wa mji, "Tanga, waja leo waondoka leo," wakacheka, kete zikapangwa upya. Anayeondoka hausikii, na hiyo ndiyo faida yake.

Kuna njia ya mkato ambayo kila mtu ameijaribu, ya kumwachia ashinde. Kwenye filamu ya kwanza ya Star Wars, ya mwaka 1977, roboti mdogo R2-D2 anacheza na Chewbacca, jitu la manyoya. Mwenye chombo, Han Solo, anawaonya kwamba roboti akifungwa hang'oi mikono ya watu, lakini jitu hili hung'oa. C-3PO, roboti mwingine, anamshauri mwenzake mara moja: mwache ashinde. Kwenye chombo kidogo angani, usiku mmoja, ni ushauri mzuri. Barazani, ambako mtu yule yule atakuja kesho na keshokutwa, ni kujifunga goli mwenyewe. Mwisho wake ni Malkia wa Kopa kwenye hadithi ya Alice ya mwaka 1865. Anacheza mpira wa kugonga, nyundo ni ndege heroe walio hai, mipira ni kalunguyeye, na kila anayemuudhi anaamuru akatwe kichwa. Baada ya nusu saa hivi, uwanjani wamebaki yeye, mumewe na mtoto Alice. Wengine wote wamekamatwa. Kila baraza Tanga lina malkia wake mmoja, mara nyingi mwenye bao. Baba mkwe, kama unasomewa hili, si wewe.

Badala ya kumwachia kwa siri, mpunguzie mzigo kwa uwazi. Kwenye drafti mkubwa atoe vizibo vyake viwili kabla ya kuanza. Kwenye gemu achukue timu dhaifu, na aseme hivyo. Mtoto akigundua alikuwa anaachiwa, hasira yake ni kubwa kuliko ya kufungwa.

Kama anayesusa ni wewe, sina mengi. Cheza na mtu mmoja kwanza, mapema asubuhi kabla baraza halijajaa. Jifunze kusema "nimekubali" ukiwa bado una kete za kutosha, siyo ukiwa umebakiwa na shimo moja. Na usicheze ukiwa na njaa, hasa Ramadhani baada ya alasiri.

Anaporudi, maana wengi hurudi baada ya siku chache wakijidai wamekuja kumwulizia mtu mwingine, mwacheni asalimie kwanza. "Shikamoo babu," "Marahaba mwanangu, kaa." Asiulizwe alikuwa wapi. Asilazimishwe kuomba msamaha mbele ya watu. Mpe zamu kama wengine, asubiri kwenye benchi la ukutani. Hela ya pedi naichukua kabla hajashika nyingine.